Soksi Iliyobaki Ardhini

Nilikuja Ipole nikijua samaki.
Niulize dagaa, nitakwambia wamevuliwa mwezi ukiwa na siku ngapi;
niulize mgebuka, nitakwambia wa leo ama wa juzi
kwa kumtazama jicho tu.
Sisi wa Ujiji tumezaliwa na ziwa mlangoni.
Msitu kwangu ulikuwa miti,
na miti yote ilikuwa kuni.

Mama mkwe, Kalunde binti Mihayo, hakunicheka.
Alisema, "Ngoja mvua."

Miyombo ikatangulia kuvaa majani mekundu,
kama watu waliopata habari kabla ya tangazo.
Kisha ikanyesha usiku kucha, ikapumzika, ikarudi.
Kumbikumbi wakajaa kwenye taa, watoto wakashiba.
Siku ya nne akagonga dirisha, kungali giza:
"Amka. Wenye miguu mirefu watatutangulia."

Tukapita mizinga ya Kasanda, nyuki wangali na baridi,
tukaacha njia, tukaacha na kijinjia,
hadi kwenye kichuguu chake.
Binti zake watatu hawakijui.
Mke mwenzake alikitafuta miaka kumi na sita,
akafa hajakiona.
Nikauliza, kwa nini mimi?

Hakujibu. Akapiga magoti, akapapasa,
na mkono ukaenda kushoto.
Uyoga ulikuwa kulia,
mweupe, mpana kama sinia ya harusi,
umekaa peupe kabisa.

"Basi umeona," akasema.
"Macho nitaazima yako. Pua ninayo."

Akanifundisha akiwa amenipa mgongo.
Usivute. Zungusha, utoke na mguu wake wote,
kisha urudishie ardhi udongo wake.
Mdogo mwache, kesho naye ni mtu.
Wa manjano, unaonukia embe bivu, chukua.
Mweupe mwenye pete shingoni na soksi mguuni, simama kwanza:
wapo wenye soksi walio wema,
na wapo waliomzika Lugata na wanawe wawili
kwa sufuria moja.

Nikaitikia ndiyo, ndiyo.
Kichwani nilikuwa barabara ya Mpanda,
malori yanapunguza mwendo,
sado tatu, sado nne, naweka bei, nakataa kupunguziwa.
Jua likapanda. Kuzungusha kunachelewesha.
Nilikuwa na kisu kiunoni.

Adhuhuri tukakaa. Akaanza kunusa,
mmoja mmoja, kama anayesoma barua za zamani.
Kikapu kilikuwa nusu aliponyamaza.

"Huu umeutoa wapi?"
"Pale, chini ya mtundu."
"Ulivaa soksi?"

Nikautazama. Shina limekatwa sawasawa,
safi, kama kidole cha mgonjwa hospitalini.
Soksi, kama ilikuwapo, ilibaki ardhini.
Nilirudi mbio chini ya mtundu, nikachakura majani.
Mitundu ni mingi. Majani ni mengi zaidi.

Hakugomba. Ningependa agombe.
Alikiinamisha kikapu chote:
wa manjano na harufu yao ya embe,
sinia zangu za harusi, asubuhi nzima.
Akaukanyagakanyaga, akaufukia kwa kisigino
watoto wa watu wasije wakauokota.
Mtoni akakisugua kikapu kwa mchanga mara mbili,
akakinusa, akakisugua tena.

Njiani tulichuma mlenda pori.
Usiku mume wangu akachovya tonge, akauliza,
"Uyoga je?"
"Haujaota," akasema mama yake,
akanisogezea bakuli.

Sikulala. Nilimkumbuka samaki,
maana samaki akioza hutangaza mwenyewe,
soko zima litasikia.
Huu mwingine hunyamaza.
Unapendeza, unanyamaza, unasubiri chumvi.

Alfajiri dirisha likagongwa.
Kisu nikakiacha jikoni, juu ya kinu,
nikatoka mikono mitupu,
yeye mbele, mkono wake nyuma
ukitafuta wangu.